Naomba ushauri: chumba Dar, umeme na maji ndani ya kodi

Wakuu, habari zenu. Natafuta chumba na sebule, choo ndani, kuanzia Manzese hadi Kimara, niwe karibu na mabasi ya mwendokasi. Bajeti mwisho 180,000 kwa mwezi, umeme na maji humo humo. Nilipo sasa LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ni moja kwa nyumba nzima: jirani mwenye friji na pasi anachanga sawa na mimi mwenye taa mbili na feni, na umeme ukikata usiku kila mtu anajifanya kalala. Wenye nyumba wanaoweka umeme na maji ndani ya kodi bado wapo, au nitafute tu yenye mita yangu? Na dalali anayetaka kodi ya mwezi mzima kama malipo yake, anakwepwaje? Kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo siwezi, mitatu naweza.