Makato ya pensheni Japani, miezi 36: nitayapataje nikiwa Mbeya?

BintiTukuyu
Habari za jioni wakubwa. Nimefundisha Kiingereza shule binafsi Nagoya miaka mitatu kamili, nikarudi nyumbani Machi mwaka jana mkataba ulipoisha. Sasa naishi Uyole. Kila mwezi kwenye salari slipu kulikuwa na mstari wa Kijapani, yen 23,790 zinaondoka. Nilidhani ni kodi. Mwaka wa pili ndipo mwalimu mwenzangu Mfilipino akaniambia hiyo ni kosei nenkin, pensheni ya waajiriwa. Mwajiri hakuwahi kunieleza, na siku naondoka hakuna aliyenigusia habari hiyo.

Nimepiga hesabu: mara 36 ni yen 856,440. Ni jasho langu, na nyumba yangu imesimama kwenye msingi tangu mvua zilizopita. Zinarudi kweli? Nianzie wapi?

MzeeWaMwanjelwa
Mwanangu, peleka slipu zako NSSF hapo mjini wakuunganishie na michango ya zamani. Pensheni ni pensheni.

Mwalimu_Kihesa
Kamwene dada. Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo tutampoteza. Tanzania na Japani hazina mkataba wa hifadhi ya jamii, kwa hiyo miezi ya kule haijumlishwi na ya NSSF wala PSSSF. Nilifundisha Osaka na nimeipitia njia hii, nikiwa Iringa tayari.

Dada, hela inarudi. Wao wanaita dattai ichijikin, ukitaka ifananishe na fao la kujitoa letu la zamani. Inamhusu asiye raia wa Japani aliyechangia miezi 6 au zaidi bila kufika miaka 10, na ambaye hana tena anwani kule. Lakini dai ndani ya miaka miwili tangu uondoke! Umerudi Machi mwaka jana, basi Machi ya mwaka ujao mlango unafungwa. Hili ndilo linaloniuma, maana wenzetu wengi wanalijua muda ukiwa umekwisha.

Makato yako ni asilimia 9.15, kwa hiyo mshahara waliokokotolea ni yen 260,000. Kwa miezi 36 wanazidisha kwa 3.3, unapata 858,000. Mwajiri naye alichangia kiasi kilekile, ila cha kwake hupewi. Kabla ya kukutumia wanakata kodi ya asilimia 20.42, karibu yen 175,200, na inakufikia kama 682,800.

Usiiache hiyo kodi, nayo inadaiwa ikarudishwa. Mteue mtu unayemwamini anayeishi Japani awe mwakilishi wako wa kodi, nozei kanrinin, aandikishwe ofisi ya kodi ya mtaa uliokuwa ukiishi. Ukishalipwa utapata barua ya malipo. Mtumie ile halisi, naye adai kwa niaba yako. Mimi nilimtumia jirani yangu wa zamani, mama mmoja mtu mzima, na alifanya kwa moyo.

Fomu ya kudai pensheni iko kwenye tovuti ya Nippon Nenkin Kiko, shirika la pensheni la Japani, ipo hadi ya Kiingereza. Ambatisha kopi ya pasipoti, uthibitisho wa namba yako ya pensheni, na uthibitisho wa akaunti kutoka benki. Tuma kwa EMS pale Posta na utunze risiti.

Neno moja zito: ukichukua, miezi 36 inafutika. Ukirudi kufundisha kule ukitaka kufikisha miaka 10 ya pensheni ya uzeeni, unaanza sifuri. Fikiri kwanza kama una mpango wa kurudi.

BintiTukuyu
Sirudi, mama ananihitaji hapa. Ila pasipoti yangu ina majina matatu na akaunti ya benki ina mawili. Kuna shida?

Mwalimu_Kihesa
Ipo. Akaunti iwe ya kwako mwenyewe na jina lilingane na la pasipoti. Rekebisha benki kabla hujagusa fomu, kisha wakugongee muhuri sehemu ya benki. Mimi jina la babu lilinichelewesha wiki kadhaa.

MzeeWaMwanjelwa
Nimejifunza mwalimu, marahaba. Nina kijana yuko Sapporo, namtumia maelezo haya usiku huu.

BintiTukuyu
Ndaga fijo, mwalimu. Yule Mfilipino bado yuko Nagoya, nimeshamwandikia kuhusu kodi. Kesho saa mbili na nusu niko mlangoni kwa benki na cheti cha kuzaliwa.