Jiko la viazi karai ghorofani, Kibokoni, Mji wa Kale Mombasa: kizima moto gani, na zimamoto watafika vipi?

Kibokoni_Juu
Assalaam alaykum. Nyumba ni ya zamani, kuta za mawe, dari ya boriti, ngazi ya mbao, na jiko liko ghorofa ya kwanza. Kila jioni hukaangwa viazi karai na bajia za kuuza: karai moja kubwa, mafuta lita 5, mtungi wa gesi wa kilo 13 pembeni ya jiko. Dirisha lina grili isiyofunguka. Kichochoro hakipitishi hata tuktuk. Dukani wananiambia ninunue kizima moto cha poda cha kilo 6 na mambo yamekwisha. Kweli chatosha? Na moto ukizidi, gari la zimamoto litafika vipi?

Jiko_Salama
Waalaykum salaam. Poda nunua, lakini si ya kuzimia karai. Poda huua miali kwa sekunde chache ila haipozi mafuta. Mafuta ya kupikia yakifika nyuzi 350 hivi hujiwasha yenyewe. Kwa hiyo poda ikitulia tu, karai lawaka upya, na kizima moto cha kilo 6 kimeshakwisha, maana hakifiki hata nusu dakika. Tena ukipuliza kwa karibu unayarusha mafuta ukutani. Cha hewa ya kaboni nacho hivyo hivyo, kasi yake huyamwaga nje. Kinachofaa mafuta mengi ni kile cha kemikali ya maji cha majiko ya hoteli, chenye herufi F kwenye lebo. Huyageuza mafuta ya juu kuwa kama sabuni, huku kikiyapoza. Bei yake imechangamka.

Cha bei nafuu ni kifuniko. Tafuta sinia la bati zito, pana kuliko mdomo wa karai, na ulijaribu leo karai likiwa baridi. Makarai mengi masikio yake yamesimama juu ya ukingo, sinia likilalia hapo linaacha mwanya na hewa inaingia. Ikiwa ni hivyo, masikio yapigwe chini au upate kifuniko chenye ukingo mrefu. Sinia la alumini jembamba achana nalo.

Moto ukishika: zima gesi kama mkono unafika bila kupita juu ya miali. Shika sinia mbele yako kama ngao, ulitelezeshe kuanzia upande wako kwenda mbele, usilidondoshe kutoka juu. Kisha liache. Usichungulie. Usifunue mpaka karai lishikike kwa mkono mtupu, na lita 5 huchukua muda mrefu kupoa. Karai lenye moto halibebwi kupelekwa nje, kwenye ngazi ya mbao ndiyo kabisa. Na maji, hata kikombe, hapana: lita moja ikigeuka mvuke hujaa lita 1,700 hivi, na mvuke huo hulipuka na mafuta hadi darini.

Mafuta yasizidi nusu ya karai, viazi vikaushwe kabla ya kuchovya kwenye uji wake. Mafuta yakianza kutoa moshi, zima. Huo moshi ndio onyo la mwisho.

Mtungi13
Hapo juu kumesemwa vizuri. Ila kinachonitisha zaidi mimi ni mtungi kukaa pembeni ya jiko. Usogeze upande mwingine, wima, mbali na joto, pahali ambapo mtu anafika bila kupita mbele ya karai. Mpira wa gesi mita moja na nusu yatosha, usipite nyuma ya jiko. Ukunje kwa vidole: ukiona nyufa ndogo ndogo au umekakamaa, badilisha. Ncha zote mbili zifungwe kwa klipu za kukaza na bisibisi. Waya hukata mpira taratibu.

Kila mtungi mpya unapoletwa, kabla ya kubana regyuleta, angalia ndani ya mdomo wa valvu. Kuna mpira mdogo mweusi wa duara. Ukiwa umepasuka au haupo, mtungi urudi dukani, kwa sababu gesi itavuja chini ya regyuleta na kuzima swichi ya regyuleta hakutasaidia. Ukishabana, paka povu la sabuni kwenye valvu, ncha mbili za mpira na swichi za jiko. Mapovu yakikua, panavuja. Kiberiti si kipimo. Hewa yetu ya chumvi hula vyuma, kwa hiyo kagua pia kitako cha mtungi na springi ya regyuleta.

Gesi ni nzito kuliko hewa, inashuka. Kwako ghorofani itateremka ngazini hadi ukumbi wa chini, kwa hiyo kufungua dirisha la juu pekee si dawa. Jiko la mita 3 kwa 3 lenye dari ya mita 2.5 linahitaji kama kilo moja ya gesi ili hewa yake yote ifike asilimia 2, na hapo cheche yatosha. Karibu na sakafu hufika mapema zaidi. Ukinusa: funga mtungi, fungua milango, usiguse swichi ya taa wala feni, si kuwasha si kuzima, na wa chini waambiwe wazime majiko yao. King'ora cha gesi kifungwe sentimita 15 hadi 30 kutoka sakafuni. Wengi hukitundika darini kama cha moshi, basi kinakuwa pambo.

Mwali ukiwaka kwenye regyuleta, usiuzime kwa poda ikiwa huwezi kufunga gesi baada yake. Gesi inayowaka unaiona, isiyowaka inajaa chumba. Mkono ukifika, funika kwa taulo lililoloweshwa na kukamuliwa, ufunge. Usipofika, au mtungi umelala, au unapiga mluzi, tokeni wote.

Kibokoni_Juu
Shukran sana. Badala ya sinia, leso yafaa kufunika karai? Na poda ninunue au nisinunue?

Jiko_Salama
Leso ni nyembamba mno, mafuta hupenya na kushika. Poda nunua, kwa ajili ya pazia, mbao, waya. Itundike karibu na mlango wa kutokea, si karibu na jiko. Mshale uwe kwenye kijani. Kila mwezi ipindue mara kadhaa, poda hushikamana chini. Ukiikandamiza hata kidogo tu kujaribu, ijazwe upya: chembe za poda hubaki kwenye valvu na presha hutoka yote kimya kimya.

Mpira_na_Pampu
Kuhusu gari: halitaingia, litasimama Ndia Kuu au upande wa Makadara, na mipira ya maji itavutwa kwa mkono. Mpira mmoja huwa mita 15 hadi 30. Pima kichochoro kwa hatua mpaka mlangoni, ongeza ngazi. Mita 120 ni mipira 4 hadi 8, na kila urefu unaoongezeka unakula presha. Gari la lita 4,000 likitoa lita 400 kwa dakika limekauka kwa dakika 10. Ndiyo maana simu hupigwa mwanzoni, hata kama sinia limeshafunika.

Piga 999 au 112. Taja kwanza barabara ambayo gari laweza kufika, kisha msikiti au duka lililo mdomoni mwa kichochoro, kinachowaka, na kama kuna mtu ndani. Sema kuna mtungi wa gesi na uko chumba gani. Simu usikate wewe. Mmoja akasimame barabarani kuwapokea, wengine waondoe boda na mikokoteni, na mipira ikishatandazwa isikanyagwe na gurudumu.

Grili ikatwe iwe na kidirisha cha bawaba ambacho mtu mzima anapitisha mabega. Kufuli yake, ufunguo kwenye msumari ndani, mkono wa nje usipofika, na kila anayelala hapo aujue gizani.

Moto ukizimwa usiwafukuze jamaa wa zimamoto wakianza kubandua chokaa ya dari. Boriti hufuka ndani kwa ndani saa nyingi bila moshi wa kuonekana. Pitisha mgongo wa mkono karibu na dari, na mkirudi kulala, rudia kila saa. Penye joto hapo pabanduliwe na kumwagiwa maji.