KANZU amekataa, QANAT amekubali! Huyu mtu wa choo atatuua

Wakuu, nimetoka mezani sasa hivi na mikono bado inanitetemeka. Jina simtaji, nyote mnamjua. Yule wa Scrabble, mchezo wa kupanga maneno ya Kiingereza kwa vigae vya herufi, hapa kwetu Arua, Uganda, anayegombania kiti cha karibu na mlango. Yule ambaye kibofu chake kinajaa pale tu anapookota Q.

Nimeweka KANZU. Z peke yake pointi 10, K pointi 5, na neno limepita kwenye mraba wa kuzidisha mara mbili. 36! Jamaa akacheka mpaka mate yakaruka ubaoni. Akasema, "Hiyo ni nguo ya kuendea ukweni. Hapa tunacheza Kiingereza." Meza nzima kicheko. Nikadai kamusi. Kamusi ni yake yeye, na eti leo ameisahau nyumbani. Nikalazimishwa kuokota herufi zangu moja moja mbele ya watu.

KANZU imo kwenye orodha ya Collins, ile kamusi ya maneno yanayokubaliwa kwenye Scrabble, banange! UGALI imo! MATATU imo! MZEE imo! Waingereza wenyewe wamekubali kanzu, halafu mtoto wa Arua, aliyeoa akiwa amevaa kanzu, anaikataa!

Zamu moja baadaye, tumbo likamshika. Akaenda chooni na simu. Amekaa huko muda wa kuivisha maharagwe makavu bila magadi. Amerudi, mikono mikavu, hajanawa hata kidole, akapanga QANAT kwenye mraba wa mara tatu. Pointi 42. Nikamwuliza, bwana, hii ni nini? "Ni neno." Neno gani? "La Kiingereza." Wallahi hajui! Ni mfereji wa maji unaopita chini ya ardhi, kama ile ya Iran. Angesema hata ni aina ya samaki ningemheshimu kidogo.

KANZU hapana, QANAT ndiyo! Mnanielewa?

Zile programu za simu za kutafuta maneno sote tunazijua. Unaingiza herufi zako saba, kigae kitupu unakiwekea alama ya kuuliza, inakumwagia maneno kuanzia lenye pointi nyingi. Ukitaka yenye Q bila U, unapewa. Nyumbani, ukiwa unajifunza, tumia mpaka simu iungue. Mimi mwenyewe ndivyo ninavyokariri. Lakini katikati ya mchezo? Wellington Jighere wa Nigeria alichukua ubingwa wa dunia mwaka 2015 kwa kichwa chake. Nigel Richards wa New Zealand mwaka huohuo alishinda ubingwa wa Kifaransa, na Kifaransa chenyewe haongei! Alikariri. Huyu wetu anakariri njia ya kwenda chooni.

Na wakati naondoka akanirushia: "Kiingereza kimekushinda, kacheze omweso, bao letu la kete, na wazee." Mimi! Mwenye KANZU!

Bodaboda_Mstaafu: Pole kaka. Kwa hiyo umefungwa na mtu wa tumbo la kuhara, ukaja kutushtakia sisi?

Binti_Bombo: Huyo namjua sana. Kwetu Bombo alikuja na QI, tena QI, halafu QI. Q kwenye mfuko ni moja tu! Mbili za mwisho alizitoa wapi, mfukoni mwa suruali?

Mzee wa Malaba: Vijana, mashindanoni simu hairuhusiwi mezani na kila mchezaji ana dakika 25 kwenye saa. Akienda kuivisha maharagwe, saa yake inakwenda. Nunueni saa.

Mwenye uzi: Mzee, shikamoo. Saa tulikuwa nayo. Ameisahau nyumbani pamoja na kamusi!

Ustadhi_Jinja: Hivi mnahangaika na programu za nini? Aliyepita madrasa hana shida na Q. QADI, QIBLA, NIQAB, TALAQ, yote yanakubaliwa. Muulizeni huyo bwana kama aliwahi kukaa madrasa hata juma moja.

Bodaboda_Mstaafu: Ustadhi, TALAQ usiiweke ukicheza na mkeo.

Mama Kassim: Afadhali yenu mnaibiwa maneno. Mimi bando langu limeisha kabla sijafungua hata ukurasa mmoja. Kodi ya data asilimia 12 tangu 2021, halafu mtu anaitumia chooni kutafuta mifereji ya Iran.

Binti_Bombo: Mama Kassim umenikumbusha ile shilingi 200 ya kila siku tuliyokuwa tunalipa ili kuingia WhatsApp. Nilikuwa nalipa, halafu umeme unakatika!

Mwenye uzi: Jamani, turudi kwenye KANZU.

Mama Kassim: Umeme usiseme. Hapa Mbale tumelala gizani, friji ina samaki wa watu.

Gulu_Kwetu: Mimi kero yangu ni hawa wa kundi la familia wanaotuma jibu la Wordle, ule mchezo wa mtandaoni wa kubahatisha neno la siku la herufi tano kwa nafasi sita, alfajiri, wengine hatujapiga hata mswaki. Shemeji yangu ndiye kinara. Amehamia Kampala, anadhani sisi wengine tunaamka saa tisa usiku kumsubiri yeye.

Binti_Bombo: Shemeji wa namna hiyo unamtoa kundini.

Gulu_Kwetu: Kundi ni lake.

Mwenye uzi: Na pointi zangu 36 nani atanirudishia??

Mama Kassim: Wewe wa Gulu, la leo umelipata? Mimi nimebakiwa na nafasi moja. Herufi ya pili ni Y, mbili za mwisho ni P na H. Msinitukane, nisaidieni tu.

Ustadhi_Jinja: NYMPH.

Gulu_Kwetu: Au LYMPH. Au SYLPH. M umeshaijaribu?

Mama Kassim: Sijui, simu imezima, naandikia ya mtoto.