Kofia ya taa nyekundu ya kuotesha nywele: wa Arusha na Moshi mliotumia, tupeane uzoefu

Kiwaraza_Njiro
Wakuu salaam. Kinyozi wangu huku Njiro ameleta kofia yenye taa nyekundu. Unavaa, unaangalia mpira, ukimaliza unalipa elfu kumi. Siku hizi foleni yake ni ya vipara watupu.

Upara wangu ni wa ukoo. Umeanzia pembeni mwa paji, unatafuta kukutana na ule wa utosini. Nimesoma kidogo kabla ya kutoa hela, na kitu chenyewe si uganga. Mwaka 1967 daktari mmoja wa Hungaria, Endre Mester, aliwanyoa panya akawamulika kwa leza nyekundu ya nguvu ndogo, akitaka kujua kama inaleta saratani. Saratani hakuiona, ila panya waliomulikwa waliota manyoya haraka kuliko wenzao. Mwaka 2007 FDA, mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, ikaruhusu chanuo la leza la HairMax kwa wanaume wenye upara wa kurithi, na 2011 wanawake nao wakaruhusiwa.

Naomba habari za kichwa chako mwenyewe, si za "kuna jamaa yangu". Una upara wa aina gani, ulitumiaje, umeona nini. Wauzaji mna jukwaa lenu.

chalii_sakina
Naweka kiti hapa. Kipara kinasoma kila komenti.

Mdau_UsaRiver
Mkuu, mimi nimetumia. Kaka aliniletea kofia ya leza akirudi Marekani. Maelekezo yake ni kuvaa siku moja na kupumzika inayofuata, si kila siku, na uhesabu miezi minne mpaka sita kabla ya kulalamika. Wengi hapo ndipo wanapokata tamaa.

Wiki za mwanzo nywele zilipukutika zaidi, nikataka kuitupa. Baadaye utosini zikawa nene, hata kinyozi akaniuliza natumia nini. Kwenye paji hakuna kilichotokea, paji limebaki paji. Ila niseme ukweli wote: nilikuwa napaka na minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, kwa hiyo siwezi kuapa ni taa peke yake. Kazi ilinipeleka porini msimu wa watalii, nikaacha vyote viwili, na utosi ukaanza kurudi ulikotoka. Hii kitu ukianza umeoa.

mama_pacha
Mimi nilijifungua mapacha, baada ya kama miezi mitatu nywele zikawa zinaziba tundu la bafuni. Nikanunua kofia kwa dada mmoja wa mtandaoni. Zikarudi! Nikamsifia kila mtu kanisani. Nesi wa kliniki ya watoto akacheka, akasema nywele za uzazi zinaanguka na kurudi zenyewe ndani ya mwaka, taa au bila taa. Kofia ipo kabatini.

Msusi_wa_Rau
Jamani ngoja niwape ya saluni, maana mimi nasuka Moshi na nimeona vichwa.

Changu kwanza. Nimevaa rasta ndogo ndogo tangu sekondari, zikivutwa nyuma mpaka macho yanapanda. Nywele za mbele zikaondoka, kuanzia sikio hadi sikio. Nikaagiza chanuo la taa Dubai kupitia dada anayeleta mizigo, nikawa najichana nalo kila jioni wateja wakiondoka. Pale palipokuwa na vinywele vya malaika pakajaa kidogo. Pale palipokuwa peupe, kimya.

Nikapanda hospitali ya KCMC, pale kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi. Daktari alichukua kilenzi chenye taa akakilaza kwenye ngozi, akaniita nami nitazame. Upande wenye vinywele unaona vitundu, kila kitundu na unywele wake mwembamba. Upande mweupe ngozi inang'aa kama ganda la yai, hakuna hata kitundu. Akaniambia, "Mama, hapa mzizi umeshakuwa kovu. Ukimulika unamulika nini?"

Na hata pale palipojaa siwapi taa sifa zote, maana wakati huo huo niliacha rasta. Sasa mteja akija na vipele kwenye mstari wa mbele, nakataa kumbana. Wengine wananinunia na kwenda kwa jirani.

chalii_sakina
Dada hapo umeniua. Mimi changu kinang'aa chote.

Tabibu_Tengeru
Chalii, kung'aa kwa mbali si kipimo, nenda ukaangaliwe. Mimi ni mtu wa afya lakini hapa naandika kama mgonjwa. Utosi uliniwasha na kuungua, kila mtu akasema ni mba. Walipokata kinyama kidogo kupima, ikaonekana ni ule ugonjwa wa kovu unaoanzia utosini na kusambaa, unaowapata sana wanawake weusi. Wenye huo wanahitaji dawa ya kutuliza uvimbe, tena mapema. Miezi unayoipoteza kwenye kofia ndiyo miezi ya kovu kusambaa.

Taa inavyoaminika kufanya kazi ni hivi: mwanga mwekundu unaingia kwenye seli za mzizi, mitokondria (vinu vya nguvu vya seli) zinazalisha nguvu zaidi, na unywele unabaki kwenye kipindi cha kukua kwa muda mrefu. Kwa hiyo lazima mzizi uwe hai. Jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi: ruhusa ya lile chanuo la Marekani ilitaja rangi za ngozi aina ya 1 hadi 4 kwenye kipimo cha Fitzpatrick. Sisi wengi ni 5 na 6. Ngozi nyeusi inafyonza mwanga zaidi, kwa hiyo ukisikia joto, vua.

fundi_ledi
Nilifungua kofia ya rafiki yangu hapa Ngarenaro. Ledi nyekundu za kawaida, haina maandishi popote. Inayotafutwa ni mwanga wa nanomita 630 hadi 670 hivi. Kama boksi halisemi, umenunua taa ya Krismasi.

Kiwaraza_Njiro
Asanteni sana. Swali: kofia ya kinyozi wetu inahama kichwa hadi kichwa bila kufutwa, na jana nimeona mama kamleta mtoto mwenye mashilingi akavalishwa. Hiyo ni salama kweli?

Tabibu_Tengeru
Yesu wangu. Mashilingi ni fangasi, dawa yake ni vidonge vya kumeza kama griseofulvini, na yanaambukiza kwa kofia, mashine na mataulo. Mwambie huyo mama ampeleke mtoto hospitali, na wewe hiyo kofia usiiguse.

mama_pacha
Kaka wa Njiro, kwani bado unataka kofia? Yangu ipo Moshi, imevaliwa na kichwa kimoja tu. Bei tutaelewana.

fundi_ledi
Piga picha ya boksi kwanza.