Gumzo la ukoo: DVD za Bibi

Rehema: Shikamooni wakubwa wote. Niko dukani, nimesimama mbele ya rafu za DVD. Mnajua Bibi bado ana plasta mguuni na daktari amemkataza kukanyaga kwa wiki 6. Mtandao kwake unasuasua, lakini deki ipo na inafanya kazi. Nimchukulie filamu gani?

Mama Mkubwa: Marahaba mwanangu. Chukua seti, zile za filamu nyingi ndani ya kasha moja. Siku ni ndefu ukiwa umelala.

Rehema: Ipo moja hapa, jalada linasema filamu 8. Naichukua?

Mjomba: Subiri, usilipe. Geuza kasha usome nyuma. Diski ngapi?

Rehema: Shikamoo Mjomba. Diski 2.

Mjomba: Marahaba mama. Irudishe rafuni.

Baraka: Shikamoo Mjomba. Mbona airudishe? Filamu 8 kwa mpigo si ndiyo nafuu?

Mjomba: Marahaba Baraka. Ngoja nieleze vizuri maana hili watu wengi hawaliangalii. Diski ya DVD ya tabaka moja inabeba gigabaiti 4.7. Hapo inakaa filamu moja ya kama saa 2, picha ikiwa safi. Ya tabaka mbili inabeba 8.5, tuseme saa 4. Sasa hiyo seti ina filamu 4 kwa kila diski. Kila filamu ikiwa ya saa moja na nusu, hizo ni saa 6. Ili zienee lazima picha zibanwe. Na picha ikibanwa kupita kiasi, vinavyoharibika kwanza ni vitu vya giza na vya haraka: usiku, moshi, maji, watu wakikimbia. Mimi niliwahi kununua filamu 10 kwenye diski 1. Kila ikifika sehemu ya usiku, nyuso zinageuka vijiraba. Mtu analia, machozi huyaoni. Nilitazama filamu moja na nusu nikaiweka chini, na sikuigusa tena. Mama macho yake si kama zamani. Tusimpe picha ya kukisia.

Baraka: Kumbe. Mimi nilikuwa nahesabu filamu tu.

Mjomba: Hesabu diski. Diski zikikaribiana na idadi ya filamu, hapo kuna mtu aliyeijali kazi yake. Angalia seti ya *The Lord of the Rings*, toleo lile refu: kila filamu imegawanywa kwenye diski 2, na nyingine 2 ni za kuonyesha walivyoitengeneza. Ndiyo maana hata kwenye DVD ya kawaida inatazamika vizuri.

Baraka: Basi Dada Rehema achukue hiyo! Filamu 3, walizipiga kwa pamoja kule New Zealand, hadithi ni moja tangu mwanzo hadi mwisho. Toleo refu lote linazidi saa 11. Au *Back to the Future*, ya 1985, 1989 na 1990. Ile ya pili inakuacha hewani kabisa, huwezi kuitazama bila kuwa na ya tatu mkononi. Hizo ndizo seti zenye maana, si filamu zisizojuana zimetiwa kwenye kasha moja.

Mjomba: Hapo umesema kweli.

Mama Rehema: Jamani, mnanisahaulisha jambo. Mama hajui Kiingereza. Na yale maandishi ya chini hayawahi, madogo mno na yanapita mbio. Mwezi uliopita nilikaa naye nikawa namtafsiria. Nikimaliza kueleza sentensi moja, wao wameshasema tano. Alinyamaza muda mrefu, halafu akaniambia, "Zima tu mwanangu, usijichoshe." Iliniuma sana. Mama anapenda hadithi kuliko sisi sote humu.

Mama Mkubwa: Masikini Mama. Yeye ndiye aliyetulea kwa hadithi.

Mjomba: Dada, umenigusa. Na umenipa jibu. Rehema, bado uko hapo?

Rehema: Niko, Mjomba.

Mjomba: Tafuta Charlie Chaplin. Uliza muuzaji kama ana seti yake. Filamu zake za zamani hazina mazungumzo. Ni uso, mikono, miguu na muziki. Ziko kadi za maandishi zinazojitokeza katikati, lakini ni chache na hazina haraka, mtu wa pembeni anazisoma bila kukatiza kitu.

Mama Mkubwa: Si ndiyo yale ya vichekesho vya kuanguka? Mama atachoka mapema.

Mjomba: Hapana dada, kuanguka kupo lakini si kwenyewe. *The Kid*, ya 1921, ni ya fukara aliyeokota kichanga akamlea kwenye chumba chake kibovu. Utacheka na utalia. *City Lights* ni ya 1931. Wakati huo filamu za kuongea zimeshatawala kila mahali, naye akakataa kutia mazungumzo, akatunga muziki yeye mwenyewe. Inamhusu msichana kipofu anayeuza maua. Mwisho wake sisemi, mtakuja kuniambia wenyewe. Halafu *Modern Times*, 1936. Humo sauti yake inasikika, anaimba, na wimbo wenyewe hauna lugha yoyote duniani, maneno ni ya kubuni. Aliyesoma na asiyesoma wanaelewa sawasawa, kwa mikono yake. Mimi sijui filamu nyingine inayomkaribisha Mama namna hiyo.

Baraka: Mjomba sijawahi kuziona hata moja. Ni nyeusi na nyeupe?

Mjomba: Ndiyo. Baada ya dakika 10 utakuwa umesahau rangi.

Rehema: Nimeipata!! Ilikuwa rafu ya chini kabisa. Filamu 4, diski 4. *The Kid*, *The Gold Rush*, *City Lights*, *Modern Times*.

Mjomba: Alhamdulillahi. Soma nyuma, hiyo *The Gold Rush* ni ya mwaka gani? Ipo ya 1925 isiyo na sauti, na ipo ya 1942 ambayo Chaplin aliihariri upya akaisimulia kwa Kiingereza. Ya 1942 itaturudisha kule kule kwenye tafsiri.

Rehema: Wameandika zote mbili zimo.

Mjomba: Vizuri, mtamwekea ya 1925. Sasa tafuta kialama kama dunia ndogo chenye namba ndani yake. Hiyo ni namba ya kanda, yaani sehemu ya dunia ambayo diski ilitengenezewa. Ikiwa 1 ni ya Marekani na Kanada, na deki nyingi za kwingine huikataa.

Rehema: Imeandikwa 0.

Mjomba: 0 inakwenda kwenye deki yoyote. Mwombe muuzaji ruhusa ufungue. Bonyeza katikati ndipo diski iachie, usiivute kwa ukingo ikapinda. Zote 4 ziinamishe kwenye mwanga uangalie chini.

Rehema: Tatu safi, zinang'aa kama fedha. Moja ina mikwaruzo miwili.

Mjomba: Imekwenda vipi? Kutoka katikati kuelekea nje, au imezunguka?

Rehema: Kutoka katikati kwenda nje. Myembamba kama unywele.

Mjomba: Hiyo aghalabu haina neno. Unaotisha ni ule wa kuzunguka, kwa sababu unafuata njia ile ile ya miale inayosoma diski, na deki inapoteza mahali. Hata hivyo mwambie aiweke kwenye deki ya dukani uione ikipita. Na rangi ya fedha ni dalili nzuri, imechapwa kiwandani. Ungeona zambarau ningejua imechomwa kwenye kompyuta.

Rehema: Ameiweka. Inacheza, haikwami. Muuzaji mwenyewe ameacha kazi anatazama 😄

Mama Mkubwa: Lipa mwanangu, uende kwa Bibi.

Baraka: Dada, ukiziona zile diski zinazong'aa pande zote mbili, vipi?

Mjomba: Nijibu mimi. Hizo zina filamu kila upande, na jina limeandikwa kwa herufi ndogo sana kuzunguka tundu. Kwa mtu wa macho hafifu ni mateso, na alama za vidole haziepukiki. Kwa Mama hapana.

*Saa 3:40 usiku*

Mama Rehema: Hamjalala? Tumemaliza *The Kid*.

Mama Mkubwa: Tunakungoja wewe tu. Enhe?

Mama Rehema: Mwanzoni alikaa kimya nikaogopa. Kumbe anatazama. Kuna mahali yule mtoto anarusha jiwe kwenye dirisha, kioo kinavunjika, anakimbia. Mimi nikasema, mtoto mtundu huyu. Mama akanigeukia: "Mtundu nini? Katumwa. Ngoja uone." Na kweli, fukara anatokea na vioo mgongoni, fundi wa madirisha! Mama alikuwa ameshajua. Hakuna neno lililosemwa.

Rehema: Bibi alinishika mkono akaanza kunionyesha askari kabla mtoto hajamwona 😭

Mama Rehema: Walipomchukua mtoto na gari kumpeleka kituo cha watoto yatima, na yule baba anakimbia juu ya mapaa kulifuata, Mama alijiinua na plasta yake. Nikamshikilia. Anasema, "Mpite huku, mpite huku." Filamu nzima nilisoma kadi chache tu. Yote mengine yeye ndiye aliyenieleza mimi.

Mjomba: Dada, nimesoma ujumbe wako mara mbili. Asante. Asante Rehema.

Mama Rehema: Anauliza huyu mwenye kofia na bakora ana nyingine ngapi. Nimemwambia 3. Anataka ya msichana wa maua kesho baada ya dawa, na amesema Baraka aje akae naye.

Baraka: Nitakuwepo saa 4 asubuhi.