Tupeane uzoefu: wana Dodoma, watoto wanakula nini asubuhi kabla ya kutoka?

Mama Nkuhungu: Habari zenu wapendwa. Basi la shule linapita kwetu saa kumi na moja na nusu, giza bado. Ninachowahi ni chai ya rangi na andazi. Saa nne mwalimu ananipigia simu, mtoto anasinzia. Nyumbani kwenu mnafanyaje, hasa sisi ambao mayai si ya kila siku? Mawaidha ya redioni nimeyasikia, nataka ya jikoni kwako.

Mgogo wa Chamwino: Uwele upo, unahangaika na andazi la nini? Uji wa uwele ukitiwa karanga za kusagwa, mtoto anafika mchana bila kulia njaa. Uwele una madini ya chuma kuliko sembe iliyokobolewa. Ila msimpe na chai, chai inazuia mwili usiyapokee hayo madini. Mimi nikishaepua natia unga wa ubuyu. Una vitamini C, inayosaidia chuma kupokelewa. Usiuchemshe sana, hiyo vitamini haipendi moto. Na sukari inapungua yenyewe, watoto wanapenda ule ukakasi.

Baba Kisasa: Kwangu kiporo. Wali na maharage ya jana, vilivyolala kwenye friji, vinapashwa hadi vitoe moshi. Mke wangu mtu wa Tanga, kwao asubuhi ni mbaazi za nazi na maandazi, alinitazama kama nimemtukana. Tukakubaliana: mbaazi zibaki, nazi ya bei hii ipumzike, tutie karanga. Sasa yeye ndiye anayezikumbuka kabla yangu.

Mchuuzi wa Majengo: Karanga mnazisifia, sawa, nami nauza. Lakini zichambueni! Mwaka 2016 sumukuvu, ile sumu ya ukungu, iliua watu huku Dodoma na Manyara. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu, tupa. Kukaanga au kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Na yule anayewauzia unga wa lishe wenye kila kitu ndani, muulizeni karanga zake zilichambuliwa na nani. Mimi nawashauri wateja wasage nafaka peke yake, karanga wazisage kidogo kidogo nyumbani. Zikikaa kwenye unga muda mrefu zinachacha, uji unakuwa na harufu ya mafuta ya zamani.

Mwalimu Bahi: Shuleni kwetu wazazi wanachanga mahindi, uji unatoka saa nne. Siku uji ukikosekana, kipindi cha baada ya mapumziko nafundisha madawati.

Bibi wa Mpwapwa: Wajukuu wangu wadogo hawamalizi kikombe, tumbo lenyewe kama ngumi. Uji mwepesi ni maji matupu, uji mzito wanautema. Dawa ni kimea. Pika uji mzito kabisa, mwiko usimame. Epua, upoe kidogo, tia kijiko cha unga wa kimea ukoroge. Utauona unalegea palepale, unateremka kwenye mwiko kama maziwa mgando. Rudisha jikoni uchemke tena. Kikombe kilekile, unga mwingi zaidi ndani yake.

Mama Nkuhungu: Shikamoo bibi! Kimea napata wapi?

Bibi wa Mpwapwa: Marahaba mwanangu. Jitengenezee. Loweka ulezi usiku kucha, chuja, funika kwa kitambaa kibichi hadi uchipue, anika juani ukauke, saga. Wa mtama mimi siutumii kwa watoto, machipukizi yake yana sumu, lazima uyaondoe yote.

Mama Nkuhungu: Nitajaribu. Tatizo lililobaki ni saa kumi na moja, hataki kufungua mdomo.

Baba Kisasa: Usimlazimishe, dada. Nunua chupa ndogo ya chai, mtilie uji wa moto, ajinywee akifika shule kabla ya kengele. Wangu hivyo ndivyo wanavyofanya. Ila iandike jina, zangu mbili zimeshaota miguu.

Mgogo wa Chamwino: Na kifuniko ukibane sawasawa, uji wa uwele ukimwagika kwenye daftari haufutiki.