Je, nani huhesabiwa kuwa Mlakota, na wanafunzi wetu wavae nini jukwaani?

Mwalimu wa Njoro

Hamjambo nyote. Ninafundisha historia katika shule ya upili huku Njoro, Kaunti ya Nakuru. Muhula huu wanafunzi wa chama chetu cha historia wamechagua kuandaa igizo fupi kuhusu Walakota wa Marekani, na jambo la kwanza walilolitaka ni kuvaa vilemba vya manyoya na kujipaka rangi usoni kama wanavyoona katika filamu za zamani. Kabla sijawaruhusu, ninaomba msaada wa wanaofahamu. Je, Walakota wangali jamii hai? Nani huhesabiwa kuwa mmoja wao, na nani huamua? Ni mila zipi zinazoweza kuoneshwa jukwaani bila kuwavunjia heshima? Tena mwanafunzi mmoja ameuliza kwa nini watu walioshinda kesi ya ardhi wanakataa kuchukua fidia yao, nami ningependa kumjibu kikamilifu.

Muuguzi wa Kakamega, sasa Rapid City

Mwalimu, salamu kutoka South Dakota. Wapo, na ninawahudumia kila siku. Walakota wana matawi saba. Waoglala wengi wako katika rizavu, yaani eneo lililotengewa wenyeji wa asili, ya Pine Ridge, Wasicangu katika Rosebud, na wengine katika Standing Rock, Cheyenne River na Lower Brule, mbali na maelfu wanaoishi mijini kama hapa. Ndugu zao wa karibu ni Wadakota.

Kuhusu nani ni Mlakota, kuna majibu mawili ambayo hayalingani kila mara. La kwanza ni la kisheria: kila taifa lina katiba yake na daftari la wanachama, na ndilo linaloamua masharti ya kuandikishwa. Mataifa mengi ya wenyeji wa asili hudai kiwango fulani cha damu, yaani sehemu ya mababu waliokuwa wenyeji wa asili, kipimo ambacho kilienezwa na serikali ya Marekani na ambacho wengi wanakichukia, maana mtoto aliyelelewa na bibi yake katika lugha na mila zote anaweza kukosa nafasi katika daftari kwa ajili ya hesabu ya sehemu. Kipimo cha vinasaba kinachonunuliwa dukani hakimfanyi mtu kuwa mwanachama.

Jibu la pili ndilo ninalolisikia wodini. Mzee akikutana na kijana asiyemjua, humuuliza jamaa zake ni akina nani. Msingi wa maisha yao ni tiyospaye, yaani ukoo wa nyumba nyingi zinazowajibika pamoja. Ndugu wa kiume wa baba huitwa baba, dada wa mama huitwa mama, na watoto wao ni ndugu zako. Sisi Waluhya hatuhitaji kuelezwa zaidi. Hata asiye wa damu anaweza kuingizwa katika undugu kwa ibada iitwayo hunka, na tangu siku hiyo ana haki na wajibu kama mzaliwa.

Nilialikwa mara moja kwenye kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu kifo cha mzee fulani. Familia ilikuwa imetumia mwaka mzima ikishona na kununua: mablanketi, shali, sufuria, na yale mablanketi yao yenye nyota moja kubwa ya ncha nane, iliyoungwa kwa vipande vidogo vya kitambaa, rangi moja ikizunguka nyingine kutoka katikati. Baada ya chakula, watu waliitwa mmoja mmoja kwa majina yao na kukabidhiwa vitu hivyo, hata wageni. Waliofiwa ndio waliotoa. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kiini cha Ulakota kuliko kilemba chochote.

Msomaji wa Kisumu

Ninaunga mkono maneno ya dada yetu. Unyoya wa tai kwao hupewa mtu kwa tendo linalojulikana na jamii, na kilemba kizima ni cha kiongozi aliyekubaliwa. Wanafunzi wasikivae. Ngoma ya Jua nayo isiigizwe kabisa: serikali iliipiga marufuku mwaka 1883, watu wakaifanya kwa siri wakihatarisha kufungwa, na ni mwaka 1978 tu ndipo Marekani ilipopitisha sheria ya kulinda uhuru wa dini za wenyeji wa asili. Ibada iliyolindwa kwa gharama hiyo si burudani.

Kuna jambo lingine linalofaa jukwaa vizuri mno. Walakota walihesabu miaka kuanzia theluji ya kwanza hadi theluji ya kwanza ya mwaka uliofuata, na mtunzaji wa kumbukumbu, baada ya kushauriana na wazee, alichora picha moja ya tukio moja kwenye ngozi ya nyati. Karibu hesabu zote zina picha ya nyota zikianguka, nayo ni mvua ya vimondo ya Novemba 1833, tukio ambalo wanahistoria hulitumia kuoanisha miaka mingine. Huku kwetu mtu aitwaye Okech hubeba jina la njaa iliyokuwapo alipozaliwa, kwa hiyo wanafunzi wataelewa upesi. Wachore miaka ya historia hiyo kwenye turubai, na kila mmoja asimame kusimulia picha yake.

Mkazi wa Mariashoni

Nitajibu swali la ardhi, kwa kuwa sisi Waogiek wa msitu wa Mau tunalijua kwa undani. Mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868 uliwahakikishia Walakota milima ya Black Hills, na ulisema kwamba ardhi hiyo haiwezi kutolewa bila sahihi za robo tatu ya wanaume wazima. Mwaka 1874 msafara wa Custer, ofisa wa jeshi la Marekani, ulitangaza dhahabu, wachimbaji wakafurika, vita vikafuata, na Custer akauawa katika mapigano ya Little Bighorn mnamo Juni 1876. Mwaka 1877 Bunge la Marekani lilichukua milima hiyo, sahihi zikiwa hazijafikia hata karibu na robo tatu.

Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba walistahili fidia, ambayo pamoja na riba ya zaidi ya karne moja ilifika takriban dola milioni 105. Mahakama haikurudisha ardhi. Walakota walikataa fedha, zimebaki katika akaunti ya serikali, na sasa zimepita dola bilioni moja. Wanakataa kwa sababu kupokea kungekuwa kukiri kwamba milima imeuzwa, ilhali kwao ni mahali patakatifu. Sisi tulishinda kesi ya ardhi yetu katika Mahakama ya Afrika mwaka 2017, na mwaka 2022 Kenya iliamriwa kutulipa fidia na pia kutupa hatimiliki ya pamoja. Kati ya hayo mawili, wazee wetu huuliza kwanza habari za hatimiliki.

Mwalimu wa Njoro

Ninawashukuru sana. Vilemba nimeviondoa, na turubai tumeikubali. Swali la mwisho: je, tuioneshe Wounded Knee, mahali ambapo jeshi la Marekani liliwaua Walakota?

Muuguzi wa Kakamega, sasa Rapid City

Msiigize mauaji yenyewe, Mwalimu. Mnamo 29 Desemba 1890 waliuawa watu zaidi ya 150, wakiwemo wanawake na watoto wengi, na wajukuu wao ni majirani zangu. Ichoreni kama picha moja kwenye turubai, kisha wekeni karibu yake picha ya farasi: tangu mwaka 1986, kila Desemba, vijana wa Kilakota hupanda farasi katika baridi kali wakifuata njia ya wazee wao hadi Wounded Knee. Msimulizi wa picha hiyo avae sare ya shule tu.